Kikombe Kisichoshushwa

Mji ulikuwa umenenepa. Hilo ndilo neno lililomjia aliposhuka kituoni na begi lake la mgongoni, akasimama kando kuwapisha wenye haraka zao. Zamani ulikuwa mtaa mmoja tu: duka, duka, fundi viatu, duka, kisha mlima. Sasa maduka ya kukodisha viatu vya kupandia yalikuwa yamepangana pande zote mbili, makoti ya mvua yananing'inia milangoni, na vijana waongoza njia wamejaa kwenye mabenchi wakigombania wageni.

"Maporomoko, mama? Korongo? Tunakupeleka mpaka mgongoni mwa mlima, juu kabisa, na chakula cha jioni unakuja kula hapa hapa!"

"Nilishapanda, wanangu," aliwajibu. "Nyie hamjazaliwa."

Wakacheka, naye akacheka. Mlima wenyewe haukuwa umeongeza wala kupunguza kitu. Ulikuwa palepale mwisho wa mtaa, na ule mgongo wake mrefu ulikuwa umejifunika ukungu kama ilivyokuwa kawaida yake kila alasiri. Aliutazama kidogo. Akajikaza kisabuni, akaanza kutembea kuelekea nyumba ya wageni ya mwisho, ile iliyopakana na njia ya kupandia.

Katika mji ule walikuwa wakimwita Ramani. Alifika mara ya kwanza akiwa msichana, katumwa na ofisi ya upimaji pamoja na wenzake wachore ramani ya mlima, na kwa msimu mzima mji ule ndio uliokuwa kambi yao. Asubuhi walipanda, jioni walirudi kulala. Wenyeji wakimwona kila saa kaikunjua ile karatasi yake kubwa upepo unapiga, wakambatiza hivyo, na jina likakaa. Aliyewaongoza njia, mwenye nyumba ile ya wageni pamoja na dada yake, naye hakuitwa kwa jina lake. Aliitwa Taratibu, kwa sababu hilo ndilo neno alilomwambia kila mgeni aliyetaka kuukimbilia mlima kana kwamba kuna mtu anamfukuza. Alikuwa taratibu kwa kupanda, taratibu kwa kula, na taratibu mno kwa kutamka kwamba anampenda. Ramani alingoja, akangoja, mpaka siku moja kule mgongoni, juu ya jiwe bapa walilokuwa wakinywea chai, uvumilivu ukamwisha.

"Wewe una neno kooni tangu wiki iliyopita," alimwambia. "Litoe, au nilitoe mimi?"

"Litoe wewe," Taratibu alisema, masikio yamemwiva. "Wewe ndiye umesoma."

Wangeoana. Hilo halikuwa na shaka. Walikubaliana kwamba kazi ya ramani ikiisha, naye akisharudi kwao, Taratibu atakwenda na wazee wake kuposa. Ikawa hivyo kwa maneno tu. Siku ya mwisho ya kazi, Ramani na wenzake walivuka mgongo wakashukia upande wa pili, kwenye barabara ya lami, wapime kipande cha mwisho kisha warudi jioni. Yeye alitangulia kushuka, na barabarani alimkuta kaka yake na gari, amekuja kumfuata. Mama kaanguka, hajitambui, panda twende. Akapanda na viatu vyake vya tope.

"Na huku nyumba ya wageni?" aliuliza huku analia. "Watanisubiri."

"Nimeshapeleka habari," kaka alisema. "Dereva mwenzangu anapita huko. Tulia."

Alitulia. Mama hakufa, ila hakuamka vizuri tena, na mtoto wa kike wa pekee ndiye aliyeshika beseni na kitambaa miaka yote ile. Wazee wa kuposa hawakuja. Baada ya muda kaka akamwambia, bila hata kumtazama, kwamba yule mtu wake wa milimani ameshaoa, asijisumbue. Waliokuja kuposa wengine aliwarudisha mlangoni, mmoja baada ya mwingine, mpaka wakaacha kuja. Mama alipofariki na msiba kuisha, walikuwa wanakunja mashuka yeye na wifi yake, wifi akauliza tu, kwa nia njema kabisa:

"Hivi wifi, yule kijana wa mlimani, aliyekuja kukuulizia na fimbo yake, aliishia wapi?"

"Kijana gani? Fimbo gani?"

Wifi akaziba mdomo, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Na ndiyo maana leo Ramani, mwanamke mwenye mvi za kuhesabika na miwani ya kusomea, alikuwa anatembea katika mtaa ule akiwa na swali moja tu rohoni: je, katika nyumba ile ya mwisho bado ana nafasi? Lile jingine, la fimbo, hakulielewa kabisa. Taratibu aliyemjua yeye alipanda mlima mikono mitupu.

Lango lilikuwa wazi. Lilikuwa limefunguliwa mpaka likaegemea ukuta, na majani yamekua chini yake. Akapita.

Ua haukuwa umebadilika sana. Vyumba vilikuwa vile vile, mstari mmoja wenye baraza, viatu vya wageni vimeanikwa ngazini, soksi kambani. Mlangoni mwa jiko mwanamke mnene alikuwa ameketi kwenye kiti kifupi, anamenya viazi na kuviangusha ndani ya sufuria ya maji bila kuangalia. Huyo alikuwa dada yake Taratibu. Zamani wageni walimwita Dada. Sasa, kwa jinsi kijana mmoja alivyopita akisalimia, ilionekana amepanda cheo na kuwa Shangazi.

"Karibu mgeni," alisema bila kuinua uso. "Chumba kipo, maji ya moto yapo jioni tu. Unataka kupanda wapi? Kama ni mgongo, huyu wetu haendi huko, nitakuitia kijana mwingine. Kama ni maporomoko, sawa."

"Sijaamua, Shangazi."

"Basi amua kabla ya kulala, nijue nitakuwekea chai saa ngapi. Na kikombe chako nikupe sasa. Utaratibu wa hapa..."

"Naujua," Ramani alisema, kisha akatamani angenyamaza.

Aliujua sana. Nyumba ile ilikuwa na desturi yake. Kila mgeni hupewa kikombe. Asubuhi anapoondoka kupanda, anakitundika mwenyewe kwenye msumari ukutani kando ya mlango wa jiko. Jioni akirudi salama anakishusha mwenyewe na kunywea chai. Hakuna mkono mwingine unaoruhusiwa kukishusha, hata wa mpishi. Kwa hiyo yeyote akitupa jicho ukutani anajua nani bado yuko mlimani, na maadamu kuna kikombe kimoja ukutani, lango la nyumba halitiwi komeo. Siku zile Ramani aliona ni mchezo mzuri wa watu wa milimani. Aliwahi hata kumtania Taratibu kwamba nyumba yake inaendeshwa na vikombe.

Akageuka kuutazama ukuta. Vikombe vyeupe vitatu vinne vilikuwa vinaning'inia, vya wageni wa leo. Mwisho wa mstari, kwenye msumari wa pembeni, kulikuwa na kingine. Kilikuwa kikombe cha bati cha buluu, kimebanduka rangi ukingoni, na kwenye kishikio chake kimefungwa uzi uliokuwa mwekundu zamani. Ukuta ulikuwa umepakwa chokaa mara nyingi, tabaka juu ya tabaka, lakini nyuma ya kikombe kile chokaa haikufika. Palibaki duara la ukuta wa kale.

Uzi ule aliufunga yeye, wenzake wasimchanganyie kikombe.

Kisu cha Shangazi kilikuwa kimesimama. Alipoinua uso, macho yake yalikwenda kwa mgeni, yakaenda kwenye kikombe, yakarudi kwa mgeni.

"Wewe," alisema polepole. "Ni wewe."

"Ni mimi, Dada. Shikamoo."

"Shikamoo yako baki nayo!" Kiazi kikadondoka, kikaviringika mpaka kwenye viatu vya Ramani. "Mwanamke wewe una macho makavu! Unapita langoni kwangu, unanisalimia, unanitazama usoni, na mimi nakwambia karibu mgeni, maji ya moto yapo!"

"Dada, nisikilize..."

"Nikusikilize nini? Unajua hicho kikombe kimetufanyia nini humu ndani?"

"Habari hazikufika?" Sauti ya Ramani ilikuwa ndogo. "Kaka aliniambia kapeleka habari kwamba nimerudi nyumbani. Mama alikuwa mahututi."

Hasira ya Shangazi haikushuka, ila ilipoteza mwelekeo kidogo.

"Habari," alisema. "Wenzako walirudi usiku, wakasema ulitangulia mbele yao kushuka barabarani, walipofika hukuwepo, wakadhani umegeuza na kurudi huku. Huku hukuwepo. Kikombe kinaning'inia. Mji mzima ulitoka. Wazee, wanafunzi, mpaka muuza nyama alifunga bucha. Watu walikuita humo korongoni mpaka sauti zikakauka. Mdogo wangu ndiye aliyeshuka kule chini kabisa, kwenye miamba iliyolowa, mahali ambapo yeye mwenyewe huwakataza watu kufika. Alisema ameona kitu chekundu, huenda ni kitambaa chako." Akafuta pua kwa nyuma ya mkono wenye kisu. "Yalikuwa maua. Akateleza. Mfupa wa paja ulivunjika, na wa nyonga."

Ramani alikalia ngazi bila kujua ameketi. Basi fimbo ilikuwa hiyo.

"Alikuwa bado kitandani, mguu umetundikwa juu," Shangazi aliendelea, "ndipo alipofika dereva mmoja, anatafuna mua, anasema, samahani, nilichelewa, yule binti alikwenda kwao. Na huyu bwana wako badala ya kulaani kama binadamu, alicheka. Alicheka huku machozi yanamtoka, anasema, Dada, yuko hai. Yuko hai! Mimi nilitaka nikitupe hicho kikombe jalalani siku ile ile. Akaniambia, ni mkono wake tu utakaokishusha. Nikasema haya, maumivu yamempanda kichwani, yatapita. Yamepita? Kila wiki anakipangusa vumbi palepale ukutani. Hakishushi. Na lango halijawahi kutiwa komeo tangu siku ile. Mbuzi wa jirani wanaingia wanavyotaka! Mboga zangu nimepanda, zimeliwa, nimepanda, zimeliwa. Nimezeeka nanunua mboga sokoni kama mtu asiye na kiwanja, kwa ajili yako!"

Ramani alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na hakuweza kuzuia kimojawapo.

"Alioa?" aliuliza.

"Amuoe nani? Nani anakubali kuingia nyumba yenye kikombe cha mwanamke mwingine ukutani?" Shangazi akasimama, akajifuta mikono kwenye kanga yake, na safari hii aliongea bila kelele, jambo lililotisha zaidi. "Sasa sikiliza, mama. Sijui umekuja kutafuta nini, na sitaki kujua. Yeye yuko maporomokoni na wageni, atarudi jua likishuka. Kishushe hicho kikombe chako. Kishushe, ukichukue, uondoke na gari la mwisho kabla hajafika. Ataukuta msumari mtupu, ataumia siku mbili tatu, kisha atapona. Ukimwonyesha sura halafu ukaondoka tena, hatapona. Namjua. Nimemuuguza mimi."

Hapo ndipo ilipokuwa kazi. Ramani alinyanyuka, akaenda mpaka ukutani. Alinyoosha mkono, vidole vikagusa ule uzi. Ulikuwa laini kwa ukuukuu. Ni jambo la kunyanyua tu, na yote yangeisha, na huenda Shangazi alikuwa anasema kweli. Huenda kuondoka ndiyo hisani pekee aliyobakiza kumfanyia mtu yule.

Akaurudisha mkono.

"Siwezi, Dada."

"Huwezi nini?"

"Siwezi kukishusha hayupo. Mara ya kwanza niliondoka bila kumuaga. Akiniambia yeye mwenyewe nikishushe niende, nitakishusha na nitakwenda, wala hutaniona tena. Lakini aniambie yeye."

Shangazi alimkazia macho, na Ramani hakuyakwepa. Mwishowe mwanamke yule alipuliza pumzi kwa nguvu, akaokota kisu kingine ndani ya karai, akamnyooshea mpini.

"Basi usikae bure. Menya viazi."

Wakamenya. Waliketi bega kwa bega, hawasemeshani, maganda yanaanguka. Mara moja tu Shangazi aliguna, "Unakata nene, unamaliza kiazi chote," na Ramani akasema, "Samahani," akapunguza unene. Ukungu ulianza kushuka kutoka mgongoni. Harufu ya moshi wa kuni na viatu vilivyolowa, na sauti ya maji yanayojaa pipa, vilimrudishia mambo aliyodhani amekwisha kuyazika: jinsi alivyokuwa akiketi pale pale kusubiri Taratibu aite jina lake kutoka njiani, na jinsi moyo ulivyokuwa ukimruka hata kabla ya kusikia. Aliwaza kwamba ujana wote aliouacha, aliuacha katika ua huu, na wenyewe haukwenda popote.

Wageni walianza kuingia, wamelowa, wanacheka. Mmoja mmoja waliufuata ukuta, wakashusha vikombe vyao vyeupe, Shangazi akawajazia chai. Mwongoza njia siku zote ndiye huingia wa mwisho. Ramani aliisikia fimbo kabla hajamwona mtu. Iligonga jiwe, ikanyamaza, ikagonga tena.

Alikuwa amekonda, nywele zimekuwa kijivu pembeni, na mguu wa kushoto aliuzungusha kwa nje kila anapopiga hatua. Lakini kile kichwa alichokiinamisha upande kidogo, kama anayesikiliza jambo la mbali, kilikuwa kile kile. Alipofika katikati ya ua alitupa jicho ukutani, kama kawaida yake. Kisha akaona aliyesimama chini ya ukuta, na kisu cha viazi mkononi.

Hakuita. Hakuja. Alisimama tu, ameegemea fimbo, na wageni wakaanza kupunguza sauti bila kuelewa kwa nini.

"Nyie na chai yenu, barazani," Shangazi aliwaamuru, akawaswaga wote kama kuku.

"Ramani," Taratibu alisema.

"Abee."

"Umechelewa kurudi."

Alilisema kwa upole, hata kwa utani kidogo, na ndipo Ramani aliposhindwa kabisa. Alilia kwikwi kama mtoto, kisu kimemdondoka. Taratibu alisogea, hatua baada ya hatua, mpaka akafika karibu, ila hakumgusa.

"Sikujua," Ramani alisema. "Sikujua mlinitafuta. Sikujua kuhusu mguu wako. Kaka aliniambia habari zimefika. Kisha akaniambia umeoa."

"Nami nilikuja kwenu, mara tu nilipoweza kusimama. Wazee nilikuwa naona haya kuwachukua, mimi mwenyewe natembelea fimbo. Kaka yako alinitolea kiti nje, akaniletea maji, akaniambia umeolewa."

"Ukaamini?"

"Alikuwa na adabu sana. Mtu mwenye adabu vile utamwambiaje anasema uongo?"

"Ungeomba kuniona!" Ghafla alikuwa na hasira, hasira ya miaka yote, na ajabu ni kwamba ilikuwa inamwelekea huyu huyu anayempenda. "Ungepiga kelele pale nje! Nilikuwa ndani, chumba cha nyuma, nauguza. Ungeita mara moja tu, ningetoka!"

"Na wewe?" Fimbo iligonga chini. Taratibu naye alikuwa amepandisha sauti, na Shangazi dirishani mwa jiko aliacha kukoroga. "Uliambiwa nimeoa, ukaamini? Hukutaka hata kuja kuona huyo mke ana sura gani? Njia uliijua. Uliichora mwenyewe!"

Kila mmoja alikuwa amesema kweli. Ndani ya mfuko wa begi simu ya Ramani ikaanza kulia. Alitaka kuiacha, kisha akaona jina.

"Ni yeye," alisema. Akaipokea. "Nimefika, Kaka."

Sauti ya kaka ilisikika mpaka nje, nzito, ya mtu aliyezoea kusikilizwa. "Umri huo unakwenda kutafuta nini milimani? Wifi yako hajalala. Watu wananiuliza, nawaambia nini? Rudi nyumbani, mambo ya kale yameshapita."

"Hayajapita, Kaka. Yapo hapa ukutani, nayaangalia."

Sauti ya kaka ikabadilika kabisa. "Yupo?"

"Yupo. Ana mguu mmoja mbovu. Aliuvunja ananitafuta korongoni, wakati mimi nimo ndani ya gari lako."

Upande wa pili kiti kiliburutwa, kaka akaketi.

"Mwambie..." kaka alianza, akakwama. "Mwambie kwamba mimi..."

"Mwambie mwenyewe." Akamnyooshea Taratibu simu.

Alisita. Akaibana sikioni, kichwa kikiwa kimeinama upande vile vile, akasikiliza. Kaka alikuwa anaongea, anasimama, anaongea tena. Ramani aliutazama uso wa yule mtu jinsi asubuhi mtu anavyotazama mlima kujua kama utafunguka au utajifunga. Haikuwa lazima asamehe. Angeweza kutukana, na nani angemlaumu?

"Ndiyo," Taratibu alisema hatimaye. "Ndiyo, nimesikia, mama alihitaji wa kumuuguza... Hapana, mguu hauumi sana, ni wakati wa baridi tu... Siku ile maji uliyonipa yalikuwa ya baridi, nilikuwa na kiu mno. Hilo nalikumbuka pia." Akavuta pumzi. "Wazee wangu waliobaki ni wawili, na hawapandi tena magari ya mbali. Itabidi uje wewe huku. Ukija, lete viatu vizuri, hapa kuna tope." Akamtazama Ramani moja kwa moja machoni. "Haya. Salimia nyumbani. Ahsante, shemeji."

Akamrudishia simu.

"Umemwitaje?" Ramani aliuliza kwa sauti ya kunong'ona.

"Umesikia."

"Sema tena."

"Taratibu," alimjibu kwa neno lake la siku zote, na kwa mara ya kwanza alitabasamu, lile tabasamu la upande mmoja lililomwibia usingizi wa usichana wake. "Kabla sijasema tena, nikwambie jambo, ujue unachokichukua. Mguu huu unafika maporomoko tu. Mgongoni sijafika tangu siku ile, wala jiwe letu sijaliona tena. Ukitaka kupanda juu, itabidi uende na vijana."

"Juu nilishafika," Ramani alisema. "Maporomoko yananitosha."

Akageuka ukutani, akanyanyua kikombe kwa mikono miwili. Msumari ulikuwa umekishika kwa kutu, akakinyanyua kwa nguvu kidogo, kikatoka. Ndani kilikuwa safi. Dirishani mkono wa Shangazi ulikuwa tayari umeshika birika, na Ramani akakinyoosha.

"Kimebanduka rangi," Shangazi alisema kwa ukali, macho mekundu. "Nitakupa kipya."

"Nipe chai tu, Dada."

"Wifi," Shangazi alimsahihisha, akamimina. "Na kesho ukate viazi vyembamba."

Taratibu hakungoja kuona akinywa. Alikuwa ameshaanza kuuvuka tena ua ule kuelekea langoni, fimbo inagonga, akichukua njiani chupa ya mafuta ya taa na nyundo kutoka barazani, huku wageni wanamwangalia kwa mshangao. Ramani aliketi ngazini na chai yake. Alisikia majani yanang'olewa, bawaba zinalia, nyundo inagonga chuma kilichoganda, mara nyingi, na mtu anacheka peke yake. Kisha akasikia komeo linaingia mahali pake. Akanywa, naye yuko ndani.

"Kesho," Shangazi alisema jikoni, bila kumwambia mtu yeyote, "napanda mboga."